Chakula cha vifaranga vya sato cha kupima, Dodoma mjini: kinunue, ila chekecha kwanza

Duka hili la vyakula vya mifugo linauza chakula cha samaki kinachoelea kwa kupima: unga, na punje za milimita 1, 2 na 3. Mwenye tenki nyuma ya nyumba anafaidika. Mfuko mzima wa kilo 20 ungechacha mafuta kabla haujaisha.

Za milimita 1 ndizo za kununua. Zimwage kwenye ndoo ya maji. Robo saa baadaye karibu zote bado zinaelea, hazijafumuka, na kifaranga wa gramu 5 anazimeza nzima. Muuzaji atakusukumia za milimita 2 eti wakue haraka. Kataa. Mdomo haujatosha: samaki anadokoa, anatema, punje inalowa na kuzama, inaozea chini na amonia, sumu inayotokana na uozo huo, inapanda.

Kasoro kubwa ni gunia linaloachwa wazi siku nzima. Punje za chini zimesagika, nawe unalipia vumbi kwa bei ya chakula. Pitisha chakula kwenye chekecheke ya unga. Vumbi linawafaa vifaranga wa chini ya gramu 1. Kwa wakubwa linachafua maji tu. Nusa pia kabla ya kulipa, na ukikuta uvundo wa kuvu, acha hapohapo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na samaki nao inawadhuru ini.

Ushauri wa dukani, “asubuhi na jioni, washibe”, haufai. Sato mdogo hudonoa kidogo kidogo mchana kutwa. Vifaranga 500 wa gramu 5 ni kilo 2.5, asilimia 8 yake ni gramu 200 kwa siku, yaani gramu 50 mara nne. Anza saa tatu au nne asubuhi, kwani alfajiri oksijeni iko chini na maji bado baridi, hasa Juni na Julai. Chini ya nyuzijoto 20 kata nusu. Kisichoisha kwa dakika 10 kiopoe, na mlo unaofuata upunguze. Kila wiki mbili pima samaki 30, upige hesabu upya. Wakifika gramu 20, asilimia 5 inatosha.

Mashudu ya alizeti yaliyo pembeni ni rahisi kwa bei, lakini yana makapi mengi. Yaache yawe ya kuchanganyia chakula cha sato wakubwa walio kwenye bwawa lenye maji ya kijani, yaani yenye mwani.