Ringi ya nyuma yenye habu ya fiksi: miezi mitano barabarani

Kabla sijaisifu ringi hii, nieleze kwanza nilichokuwa napanda. Baiskeli yangu ni mtumba wa resi wa zamani, fremu ya chuma. Nilitaka iwe fiksi, yaani pedeli na gurudumu la nyuma vizunguke pamoja muda wote, na kwa hilo inatakiwa habu (kitovu cha gurudumu) maalumu. Fundi mmoja mjini, simtaji, aliniambia: "Dogo, habu ya nini? Nachomelea friwili, inakuwa fiksi, elfu kumi tu." Friwili ni ile gia ya nyuma inayoliacha gurudumu liendelee kuzunguka ukiacha kukanyaga; ukiichomelea, uhuru huo unaisha. Nikatoa.

Wiki mbili zilikuwa raha tupu. Wiki ya tatu natoka Magomeni, nateremka Jangwani, bajaji ikasimama ghafla mbele yangu. Nikakaza miguu kurudi nyuma. Nikasikia krrk, pedeli zikazunguka kinyume kama hazijashikana na kitu. Namshukuru Mungu breki ya mbele sikuing'oa. Nilisimama shubiri mbili kutoka tairi la bajaji.

Weldingi ilikuwa nzima kabisa. Kilichofunguka ni friwili yenyewe kutoka kwenye habu. Inafungwa kwa uzi wa kulia, kama wa skrubu ya kawaida: ukikanyaga mbele inazidi kubana, ukikaza kurudi nyuma unaifungua kwa mguu wako mwenyewe. Habu ya kawaida haina cha kuizuia, na gundi haisaidii.

Mzee mmoja fundi wa Magomeni aliicheki akatikisa kichwa. "Mwanangu, hii uliuziwa jeneza." Ndiye aliyenitafutia ringi hii, elfu sabini, imetumika. Habu yake ina ngazi mbili za uzi. Ya ndani, ya kulia, inabeba sproketi, yaani meno ya nyuma. Ya nje, nyembamba kidogo, ni uzi wa kushoto, wa kinyume, na inabeba nati ya kufungia. Sproketi ikitaka kulegea inaisukuma nati izidi kubana. Aliyewahi kufungua pedeli ya kushoto anaujua uzi huo. Upande wa pili wa habu unapokea friwili ya kawaida, kwa hiyo siku ya safari ndefu nageuza ringi tu.

Kasoro zipo. Grisi ilikuwa imekauka, tukafungua na kupaka upya. Upana wa habu ni milimita 120 na fremu yangu ni 126, ikabidi tujaze washa pande zote mbili na kuhakikisha cheni inakwenda mstari mmoja na meno ya mbele. Spana ya ndoano ya kukazia nati haikuja nayo, na hiyo usikubali ibadilishwe na patasi na nyundo.

Cheni ikae na mchezo wa kama sentimita moja, isizidi. Kwenye fiksi cheni ikichomoka inaweza kulikamata gurudumu papo hapo. Suruali nayo kunja.

Vijana wanaong'oa breki zote ili baiskeli ionekane safi, nawaomba kwa moyo wote: rudisheni ya mbele. Unaposimama, uzito mwingi unakwenda mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi na kuteleza, hata uwe na mapaja ya chuma. Uingereza sheria ya mwaka 1983 inalihesabu gurudumu la fiksi kuwa breki moja, na bado inadai nyingine ya mbele.

Ringi naipa nyota nne. Ukienda kununua yako, mwombe muuzaji afungue nati ya nje mbele ya macho yako. Ikifunguka kwa kuzungushwa kulia, lipa. Ikifunguka kushoto kama nati nyingine zote, iache hapo hapo.