Tehama ya chuo kikuu: mkandarasi wa nje au mafundi wa ndani?

Mfumo wa matokeo ukigoma wiki ya usajili, nani anapigiwa simu? Fundi aliyeajiriwa na chuo anaijua seva, anamjua mhasibu, na anajua kwa nini malipo ya mwanafunzi hayaonekani. Mkandarasi anafuata mkataba: ukisema siku mbili za kazi, utasubiri siku mbili, foleni ya wanafunzi iwe ndefu kiasi gani. Ila kwa kazi za mara moja, kama kutandaza faiba au kupima usalama wa mtandao, mkandarasi ni nafuu.

Bei ndiyo inayodanganya. Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilitangaza mwaka 2016 kuipa kampuni ya HCL ya India sehemu ya kazi zake za tehama. Februari 2017 wafanyakazi 49 wa kudumu wakaondoka, baadhi wakiwa wameshawafundisha warithi wao. Ujuzi wa namna hiyo haumo kwenye hesabu ya akiba.

Mimi hifadhidata na nywila kuu ningewaachia wa ndani. Mkataba wowote wa nje useme wazi kwamba msimbo wa programu na nakala za data ni mali ya chuo. Intaneti ni suala jepesi zaidi: Kenya, vyuo hununua kwa pamoja kupitia KENET, mtandao wa elimu na utafiti wa nchi hiyo.