Feni za Noctua redux kwenye kompyuta niliyoiunga mwenyewe

Niseme mapema kwamba nimezipenda. Ni Noctua NF-P12 redux-1700 PWM, feni za kijivu za milimita 120. Nimefunga tatu: mbili mbele zinavuta hewa, moja nyuma inaitoa. Ila ukizichomeka tu na kuwasha, unaweza kujiuliza hela yako imekwenda wapi. Zikifika mizunguko 1,700 kwa dakika zinavuma, na zinavuma vizuri tu. Kampuni yenyewe imeandika desibeli 25.1 kwa kasi hiyo, tena kwa feni moja.

Kazi yangu ni kuingiza sauti kwenye matangazo, na narekodia nyumbani, Dar. Wakati wa kurekodi dirisha linafungwa na pangaboi linazimwa, kwa hiyo chumba kinapanda mpaka nyuzi 31 na kinachobaki kusikika ni kompyuta. Feni zilizokuja na kasha zilikuwa zimechomekwa moja kwa moja kwenye pauasaplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta), bila kupitia kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote. Zikiwekwa hivyo hazina breki: uwe unaandika barua au unatengeneza video, kasi ni ileile.

Kabla hujatoa hela, mtafute kwanza anayepiga kelele. Fungua ubavu wa kasha mashine ikiwa inawaka, kisha gusa taratibu kitovu cha feni moja moja (kitovu, usiguse panga) mpaka isimame kwa sekunde mbili tatu. Kelele ikikatika, umempata. Feni ya pauasaplai usiipeleke kidole, hiyo iache ilivyo. Kwangu mkosaji mkubwa alikuwa feni ya nyuma. Beringi yake ilishakwisha, inakwaruza, na ule mkwaruzo ulikuwa unaingia kwenye maiki hata nikisogea mbali.

Madukani Kariakoo feni nyingi nilizoonyeshwa zilikuwa za taa za rangi, zinawaka kama ukumbi wa harusi. Hizi za Noctua niliagiza, na bei yake si ya mchezo. Redux ndiyo familia yao ya bei nafuu, kwa hiyo ndani ya boksi unakuta feni na skrubu nne, basi. Vile vipini vya mpira vya kuzuia mtikisiko unanunua pembeni. Mimi nilinunua, kwa sababu bati la kasha langu ni jembamba na likishika mtikisiko linakuwa spika.

Utulivu wenyewe niliupata kwenye BIOS, yaani ile mipangilio ya mazabodi unayoifungua kompyuta inapoanza kuwaka. Feni ina pini nne, kwa hiyo mazabodi inaiamuru izunguke kwa kasi gani. Ukipunguza kasi kwa nusu, hewa inapungua nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15, na sikio linausikia huo mshuko waziwazi. Nimeweka asilimia 40 mpaka prosesa ifike nyuzi 60, asilimia 65 kwenye nyuzi 75, na asilimia mia kuanzia 85.

Halafu kuna kuchelewesha. Prosesa yangu ni Ryzen 5 5600, na ukifungua tu programu joto lake linaruka nyuzi kumi na zaidi, kisha linashuka papo hapo. Feni nayo ikifuata kila mruko, unasikia vuuu, kimya, vuuu, kimya, na hiyo inaudhi kuliko mvumo wa moja kwa moja. Kwenye mpangilio wa feni tafuta sehemu ya muda wa kupanda na kushuka, uongeze sekunde kadhaa. Mazabodi nyingi za sasa zinayo. Marekebisho haya hayana gharama, na kama feni zako bado nzima ningekwambia uanze hapo, ujaribu wiki, ndipo ufikirie kuagiza.

Vumbi ni habari nyingine. Kwa kuwa zinazoingiza hewa ni mbili na inayotoa ni moja, hewa ya ndani inasukuma kwenda nje kupitia nyufa, na vumbi linakwama kwenye chujio la mbele. Chujio naliosha na kulikausha. Likiziba, joto linapanda, feni zinaongeza kasi, na umerudi kwenye kelele. Ukipuliza vumbi kwa blowa, shika panga zisizunguke, usije ukaua beringi mpya.

Sasa nikirekodi, ukiweka sikio karibu na kasha unasikia pumzi tu. Kilichobaki ni mluzi mwembamba wa koili za kadi ya michoro ukicheza gemu, na huo hauna dawa kwenye feni. Naupunguza kwa kuweka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde. Kama wewe kompyuta yako ni ya gemu, umevaa hedifoni na pangaboi linazunguka juu ya kichwa, usinunue hizi. Hutazisikia, lakini hata hizo ulizonazo huzisikii.