Miaka mitatu gereji na Morris Minor yangu: mafundi, seti ya breki na betri iliyogeuzwa

Kila nikisimama pale Uyole, hapa Mbeya, kuweka mafuta, lazima mtu aje kuuliza mambo mawili: gari hili umelitoa wapi, na nani amekutengenezea. Naandika hapa ili siku nyingine nijibu kwa kifupi.

Lilitoka Isyonje, uani kwa mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa karani kwenye mashamba ya chai. Ni Morris Minor 1000, ile ya sisi (cc, ukubwa wa injini) 948 iliyoanza kutoka mwaka 1956, na bado ina vile vimkono vinavyochomoka kwenye nguzo ya mlango unapotaka kukata kona. Mama alikuwa anahifadhia mbegu za viazi kwenye kiti cha nyuma. Nilipong'oa zulia nilikuta kiazi kimoja kimechipua, mzizi umepenya kwenye tundu la kutu hadi chini. Nikatoa milioni moja na laki nane. Mama akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, mara nyingi mno, nikaanza kuhisi nimepigwa.

Sikutaka kulirudisha lilivyokuwa. Nilitaka hotirodi, yaani ule mtindo wa vijana wa California tangu miaka ya 1930: unachukua Ford kuukuu, unaivua madigadi na kila kisichosaidia mwendo, unaipa injini yenye nguvu, unakwenda kushindana kwenye ziwa lililokauka. Waingereza nao hufanya hivyo kwa vigari vyao vidogo, na Morris inapendwa kwa sababu boneti yake ina upana kuliko unavyodhani. Mbunifu wake, Alec Issigonis, alikusudia kuweka injini ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Mpango ule ulikufa, nafasi ikabaki. Pale ndipo injini ya Toyota Noah inapoingia.

Sasa gereji. Ni uwanja wa vumbi upande wa Iyunga, hauna kibao, una mwembe mmoja na malori matatu ya Fuso ambayo sijawahi kuyaona yakiondoka. Mwenye kazi ni mzee wa makamo yangu mara mbili, ananiita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Siku ya kwanza nilimwambia nina injini ya 7K, hiyo ya Noah, nataka aifunge. Alizunguka gari, akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele la kushoto, akaingiza bisibisi kwenye kiungo cha chini na kuitikisa kidogo. Ikacheza kama jino bovu.

"Mwalimu, injini kaiweke nyumbani kwanza."

Nilikasirika, sifichi. Lakini wenye Morris wanajua: ile nguzo ya gurudumu la mbele imefungwa kwa nyuzi za skrubu zinazotaka grisi mara kwa mara. Ukisahau, nyuzi zinalika, na siku moja nguzo inachomoka, gurudumu linalala ubavu na gari linapiga pua chini. Hapo ni kwa nguvu za farasi 37 za kiwandani. Mimi nilikuwa natafuta mara mbili ya hizo. Mzee alikataa kabisa kugusa injini mpaka miguu ya mbele na breki viishe, na ilichukua miezi minane, mingi ikiwa ya kusubiri vipuri.

Seti ya breki za diski niliagiza Uingereza kupitia mdogo wangu anayesoma huko. Kwa uzoefu wangu hii ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Mabano yalikaa kwenye matundu ya asili bila kuchomea chochote, pedi zinang'ata sawa pande zote mbili, na karatasi ya maelekezo ilikuwa na michoro ambayo hata kijana wa gereji aliifuata. Kasoro ni mbili. Masta silinda, ile pampu ya breki, imebaki palepale ilipowekwa na Morris, chini ya sakafu karibu na miguu ya dereva, kwa hiyo kuongeza mafuta ya breki ni kufunua zulia na kufungua kizibo kama mtu anayechota maji kisimani. Ya pili sikuifikiria kabisa: bolti za gurudumu za mbele zimebaki na mduara wa Kiingereza, upana milimita 101.6, na nyuma tuliweka ekseli ya Corolla KE70 yenye 114.3. Rimu haziingiliani. Natembea na tairi za akiba mbili, na buti limekwisha.

Ekseli ilibidi ibadilishwe. Difu ya asili, yaani gia za ekseli ya nyuma, ina gia fupi sana, ukitembea kilomita 80 injini inalia kama kinu. Corolla ya saluni inakalia springi za koili na Morris inakalia springi za vyuma bapa, kwa hiyo mzee alitengeneza makalio mapya na kuyachomea. Alipima kwa kamba na timazi kutwa nzima. Kijana mmoja pale alicheka kwamba mzee anajenga nyumba.

Kuhusu injini tulibishana. Mzee alitaka kabureta, ya kwake ni kwamba kabureta unaitengeneza barabarani kwa bisibisi. Mimi niling'ang'ania 7K-E ya kontroo boksi (kompyuta inayopima petroli), sisi 1781, kutoka kwenye Noah iliyogongwa. Mbeya iko juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa inapoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Kabureta iliyopangwa Dar es Salaam ukiileta huku inakunywa petroli hadi plagi zinakuwa nyeusi, na asubuhi ya Julai ndiyo usiseme. Bado naamini nilikuwa sahihi, ingawa bishano hilo ndilo lililonipeleka kwa fundi umeme.

Huyu simtaji wala sitaji kijiwe chake. Aliniahidi siku mbili. Magari ya Kiingereza ya wakati ule, Morris ikiwemo, chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Magari ya Kijapani ya siku hizi ni hasi. Nilimwambia. Akasema, "Usijali bosi, haya mambo nimeyazoea." Alifunga alterneta (ya kuchaji betri) ya Toyota, akaacha waya wa zamani wa bodi ulivyo, akabana terminali. Nilikuwa nimesimama pembeni na chupa ya soda. Kulitoka cheche moja, halafu harufu ile ya plastiki tamu inayoungua, na moshi mwembamba ukapanda kutoka nyuma ya alterneta kama wa udi. Dayodi zote zimekwenda, na kontroo boksi nayo. Nyingine ililetwa na basi la usiku kutoka Dar, laki tatu na nusu. Akanidai pesa ya ufundi vilevile.

Mzee hakuniambia "si nilikwambia". Alichukua koleo, akakata waya zote za zamani moja baada ya nyingine na kuziweka kwenye ndoo, akaniitia kijana mwingine wa umeme kutoka Mwanjelwa. Huyu wa pili alianza kwa kuandika alama kubwa ya hasi kwa rangi nyeupe kwenye bodi, pale waya wa betri unapofungwa. Wiki mbili baadaye injini iliwaka. Hata vile vimkono vya mlangoni vinafanya kazi, ingawa cha kushoto kwenye baridi kinagoma hadi nikipige ngumi nguzoni.

Kitu kimoja zaidi kuhusu mzee, maana ndicho kilichonifanya nimwamini. Sampu, lile bakuli la oili chini ya 7K, iligonga mwamba wa mbele wa chasisi. Aliikata, akaichomea upya kwa umbo lingine. Kisha akaijaza mafuta ya taa, akaiweka juu ya gazeti kavu na kwenda nyumbani. Mafuta ya taa hupenya tundu ambalo oili haipiti. Asubuhi gazeti lilikuwa na doa dogo kama punje ya maharage. Akaimwaga, akaichomea tena, akaijaza tena, gazeti jipya. Siku ya tatu gazeti likabaki kavu, na ndipo akaniruhusu kuinunulia oili.

Mchonga vyuma aliyefupisha propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma) ana mashine nzuri ila ana haraka. Nilipofika kilomita 70 barabara ya Mbalizi kioo cha nyuma kilitetemeka hadi lori moja nikaliona matatu. Krosi, yaani viungo vya shafti, za pande mbili hazikuwa zimeelekeana. Nilimrudishia, akarudia bila kunitoza, kwa hiyo sina neno naye.

Rangi bado. Lina praima ya kijivu na mlango mmoja wa bluu ya zamani niliokataa kuugusa. Kwenye kadi ya gari nilikwenda TRA (mamlaka ya mapato) kubadilisha namba ya injini baada ya ukaguzi wa trafiki. Ukifika na karatasi za mauziano ya injini mkononi unaokoa safari moja.

Jumla nimetumia kama milioni tisa, gari ikiwemo. Kupanda Isyonje sasa natumia gia ya tatu, zamani ilikuwa ya kwanza na sala. Kushuka Iwambi nyuma ya malori nakanyaga breki na gari linasimama limenyooka, na kwangu hilo linazidi mwendo wote.

Kama ni nyota kati ya tano, seti ya breki naipa nne, kijana wa umeme wa Mwanjelwa tano, mzee nne. Moja nimemkata kwa sababu hapokei simu. Ukimtaka nenda kabla ya saa tatu asubuhi, ukichelewa utakuta miguu yake tu inachungulia chini ya Fuso, na hatoki hadi adhuhuri.