Kabla ya AC ya pili, panda darini: kazi ya paa niliyofanyiwa Tabata

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani, Tabata Kimanga. Chumba cha kushonea kiko upande wa magharibi. Kuanzia Desemba hadi Machi, ikishafika saa nane mchana, pasi inanichoma mbele na bati linanichoma kichwani. Mteja anayekuja kujaribu gauni la send-off anatoka jasho mpaka zipu inagoma kupanda. Kwa hiyo pesa ya kupunguza joto kwangu ni pesa ya biashara. Naandika kwa wenye nyumba kama yangu: tofali za saruji, bati la msauzi geji 30 rangi ya damu ya mzee, dari la jipsam, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Yaani nusu ya Dar es Salaam.

Kazi yenyewe ilifanywa na mafundi watatu. Walipaka bati rangi nyeupe ya kuakisi jua, wakapiga foili (karatasi ya alumini inayong'aa) chini ya kenchi, wakafungua matundu ya hewa kwenye ncha za paa. Hawana duka wala kibao barabarani, ni watu wa kuulizia kwa aliyewahi kuwatumia. Niliwapata kwa mteja wangu wa Segerea.

Kabla yao alikuja kijana anayeuza sola. Kijana mwenye adabu, vifaa vyake vizuri, sina ugomvi naye. Aliangalia AC yangu, akashauri niongeze ya pili, halafu paneli za kuziendesha zote mbili. Hesabu yake haikuwa na uongo: AC ya BTU 12,000 isiyo ya inverta inakula karibu uniti moja kila saa kompresa inapounguruma. Sisi wa T1, yaani daraja la bei la watumiaji wa kawaida wa TANESCO, uniti inatufikia kwa takriban shilingi 356 ukishaweka VAT na tozo zake. Iache ifanye kazi kwa muda wa saa nane mfululizo, umeshakaribia shilingi 2,850 kwa siku, na LUKU ya elfu ishirini, ambayo mara moja kwa mwezi inakatwa kwanza 1,500 ya kodi ya jengo, inabaki na uniti 52 hivi. Ila nikajiuliza: kwa nini ninunue mtambo wa kupigana na joto ambalo mimi mwenyewe nalifungulia njia kila siku?

Fundi wa paa hakufungua katalogi. Aliomba ngazi, akaingia darini saa saba mchana, akatoka shati limelowa lote. "Mama, jua lako haliingii dirishani," akasema. "Linashuka na bati."

Ukifikiri, ndivyo ilivyo. Dar iko kama digrii saba kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mwanzoni mwa Machi, na tena mwezi wa kumi. Kuta za kaskazini na kusini zinaguswa kidogo tu. Za mashariki na magharibi zinapokezana asubuhi na jioni. Paa linalipokea tangu asubuhi mpaka jioni. Bati la rangi nzito linapanda mchana hadi kupita digrii 60, linaichemsha hewa ya darini, na kibaya zaidi linamulika joto moja kwa moja juu ya jipsam. Jipsam nayo inakumulikia wewe kitandani. Ndiyo maana saa tatu usiku nje kuna upepo mtamu na ndani bado unajipepea. Zile video za Ulaya za vioo viwili viwili na kuta zilizovishwa sponji zinafundisha watu wazuie joto lao lisitoke. Sisi shida yetu ni nyingine.

Rangi ndiyo iliyoleta mjadala nyumbani. Mume wangu alisema nyumba itafanana na zahanati. Nikamwambia zahanati angalau wamekaa kwa kutulia. Tulipatana upande wa stoo ubaki damu ya mzee, na sasa nashukuru, kwa sababu umenipa ushahidi ambao hakuna muuzaji anaweza kuuleta. Saa saba mchana, ukisimama kwenye ngazi, kiganja kwenye bati la stoo hakikai hata kidogo. Kwenye jeupe unakiweka na kukiacha. Jua lilelile, bati lilelile, geji ileile.

Ndoo mbili za lita 20, praima na ufundi vilinigharimu laki saba kasoro. Mnaotaka kubana matumizi kwa kupaka chokaa kama nyumba za zamani za Unguja: chokaa inashika vizuri kwenye ukuta na kwenye paa la zege, ila kwenye bati la rangi masika moja inaishusha yote kwenye mfereji. Na msikubali fundi apake juu ya vumbi. Hawa waliosha bati kwa sabuni na brashi, wakaliacha likauke, wakakwangua palipoota kutu, wakaweka praima, ndipo rangi ikaja mara mbili. Fundi anayekuja na ndoo na brashi peke yake, bila mpira wa maji, mpe soda umuage.

Kwenye foili ndiko watu wengi wanakoibiwa, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Foili haifanyi kazi kwa unene. Inafanya kazi kwa kung'aa: inarudisha joto linalomulikwa, na upande wake unaong'aa hautoi joto kirahisi. Lakini lazima upande huo utazame nafasi ya hewa. Ukiigandisha kwenye bati bila nafasi, joto linapita kwa kugusana tu, umenunua karatasi ya mapambo. Ukiilaza juu ya jipsam ikitazama juu, siku za mwanzo inafanya kazi, kisha vumbi la mtaa wetu usio na lami linaifunika na kung'aa kumekwisha. Hawa waliipiga chini ya mbao za kenchi, upande unaong'aa ukitazama chini ili vumbi lisitue juu yake, huku ikiacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Hewa ya moto iliyo kwenye nafasi hiyo inatokea juu, kwenye yale matundu mapya. Bila matundu kazi ingekuwa nusu. Matundu yamewekwa wavu, popo wa Tabata wanajulikana.

Na umeme. Foili inapitisha umeme, na dari zetu zina nyaya zilizotupwa ovyo kama mlenda. Fundi mkuu alizima meni switi kabla kijana wake hajapanda, akaweka na mkanda ili mtu asiiwashe. Niliona anajisumbua, mpaka nikasoma habari za Australia. Serikali ya huko ilikuwa na mpango mkubwa wa kuwekea watu vizuia joto darini. Ulisimamishwa Februari 2010 baada ya vijana wanne kufa kazini, watatu kwa umeme na mmoja kwa joto. Kwa hiyo fundi atakayekwambia "acha tu umeme, tutakuwa makini", mkatalie. Na wasifanye kazi ya darini mchana. Hawa walianza saa kumi na mbili asubuhi na kushuka kabla ya saa nne.

Matokeo. Nina kipimajoto kidogo ukutani, juu ya cherehani. Februari, saa tisa alasiri, AC imezimwa, kilikuwa kinasoma 36, siku mbaya 37. Sasa siku za jua kama zile kinasoma 32 au 33, yaani sawa na kivulini nje. Zaidi ya hapo bila mashine huwezi, na anayekuahidi ubaridi wa Lushoto kwa rangi na foili anakudanganya. Unyevu wa pwani uko palepale. Lakini kwenye 32 feni inatosha, na feni inakula wati 60 hivi. AC nawasha wateja wakijaa, na ikiwashwa inapoa upesi, kompresa inanyamaza. LUKU ya elfu ishirini iliyokuwa inaisha kabla ya wiki kuisha, sasa inapita wiki mbili.

Madirisha niliyafanyia kazi ndogo tu. Dirisha la kusukuma hata ulifungue vipi linapitisha hewa nusu yake, nusu nyingine ni kioo juu ya kioo. La chumba cha kushonea nimelibadilisha kuwa la kufunguka lote, kwenye ukuta wa kaskazini, kwa kuwa wakati wa joto upepo wetu ni kaskazi. Ungekuwa mwingi zaidi kama jirani asingepandisha ukuta wake mpaka usawa wa bati. Hilo ni la kikao cha mtaa.

Malalamiko ninayo. Rangi ilidondokea tangi la maji na vigae vya barazani, na kusugua nilisugua mimi. Walisema wangemaliza Jumamosi, hawakumaliza. Na weupe haudumu peke yake: vumbi na majani ya mwarobaini yameshaanza kuupa ukijivu upande mmoja, kwa hiyo kila mwaka kabla ya kiangazi kuna gharama ya kuosha. Kama unavuna maji ya mvua, mvua za kwanza baada ya kupaka ziache zimwagike chini, usizipeleke kwenye tangi. Kelele ya mvua nayo haijapungua sana. Anayetaka ukimya aongeze sponji, na mfuko wake uwe mrefu.

Wapangaji mtaniuliza. Bati si lenu, kulipaka ni kumjengea mwenye nyumba, labda akubali kukata kwenye kodi kwa maandishi. Kilicho ndani ya uwezo wenu ni kuzuia jua la magharibi kwa nje ya dirisha: jamvi, chandarua cha kivuli, hata khanga nzito mbili. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, maana jua likishapita kioo limeshaingia. Na friji muitoe kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Kwangu kazi hii ni nne kati ya tano, na moja nimekata kwa ajili ya vigae. Malipo tulikubaliana hivi, nanyi kubalianeni hivyohivyo: vifaa nilinunua mwenyewe Kariakoo, upande wa Gerezani, nikabaki na risiti. Ufundi nililipa nusu siku ya kuanza, nusu nyingine nikaishikilia hadi mvua kubwa ya kwanza ipige. Ilipopiga, misumari miwili karibu na mfereji ilivuja. Nikapiga simu, wakaja kesho yake na silikoni, wakaziba, tukasubiri mvua nyingine, ndipo nikatuma pesa.