Kijibarua cha Joan Crawford: Ununue, au Utafute Picha Yenye Saini?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina kijibarua, kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono na Joan Crawford, yule nyota wa Hollywood aliyeshinda Oscar kwa filamu ya Mildred Pierce ya mwaka 1945. Nimeipata kwenye mnada wa mtandaoni, na bahasha yake ipo. Mmekuwa mkiniuliza: mwenye pesa ya kitu kimoja tu cha waigizaji wa zamani anunue picha yenye saini au kijibarua? Mimi nasema kijibarua.

Miaka ya 1930 barua za mashabiki zilimiminika studio, na mara nyingi waliosaini picha ni makatibu. Chukueni Jean Harlow, nyota mwingine wa Hollywood wa enzi hizo. Saini nyingi zilizoko kwenye picha zake ni za mama yake mzazi! Shabiki wa wakati ule alifurahi na hakudhurika, lakini leo kuna watu wanauziwa mwandiko wa mama kwa bei ya mwandiko wa binti. Saini ni neno moja au mawili, mtu akilifanyia mazoezi analiiga. Mistari sita ya maneno ya kawaida ni kazi nyingine kabisa.

Hebu niisogeze karibu na kamera. Hapa chini ya lenzi, wino umezama kwenye nyuzi za karatasi. Alipokata kona umekolea, alipoharakisha umefifia. Mashine ya kusaini haiwezi hivi: inakandamiza kwa nguvu ileile mwanzo mpaka mwisho, na mara nyingi inaacha kidoa inapoanza na inapoishia. Sasa nageuza nyuma, naimulika kwa ubavuni. Mnaviona vile vituta vidogo? Ni mkono wake ulivyokandamiza kalamu.

Bahasha msiitupe kamwe. Hii ina muhuri wa posta wa New York wa miaka ya 1960, na kweli ndiko alikokuwa akiishi. Anwani ina msimbo wa posta wa tarakimu tano, na Marekani ilianza kutumia misimbo hiyo Julai 1963. Ukiuziwa barua ya mwaka 1950 yenye msimbo huo, irudishe. Angalieni na kalamu pia. Bolpeni zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945, na Harlow alifariki mwaka 1937, kwa hiyo "barua ya Harlow" ya bolpeni haipo. Tochi ya mwanga wa urujuanimno nayo inasaidia sana: karatasi nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zimetiwa kemikali ya kung'arisha, zinawaka rangi ya buluu. Hati inayodaiwa kuwa ya 1930 ikiwaka hivyo, achana nayo.

Haya, kasoro. Crawford alijulikana kwa kuwajibu mashabiki bila kuchoka, kwa hiyo vijibarua vyake ni vingi. Anayetaka kununua leo auze kesho kwa faida kubwa, hapa sipo; amtafute Greta Garbo, nyota mwingine wa filamu, aliyekataa kusaini karibu maisha yake yote, na ajiandae kulipa. Tena barua nyingi za Crawford zimepigwa taipu, alichoandika kwa mkono ni saini tu. Muulizeni muuzaji waziwazi, na aonyeshe picha ya pande zote mbili.

Lakini kwa anayeanza, wingi huo ndio unaomlinda, maana sampuli za kulinganisha hazikosekani. Halafu kuna jambo linalonigusa kila nikiishika kadi hii. Huyu mama alizaliwa Lucille LeSueur. Mwaka 1925 studio ya MGM haikulipenda jina hilo, ikaendesha shindano kwenye jarida, wasomaji wakamchagulia jina jipya. Jina, mavazi, picha, vyote vilipita mikononi mwa studio. Mwandiko huu ni wake mwenyewe, na aliutumia kumshukuru mtu ambaye huenda hakuwahi kumwona.

Kwa hiyo mimi naipitisha: nunueni, ila kwanza muuzaji akubali kwa maandishi kurudisha pesa ikigundulika ni ya bandia. Ikishafika, itieni kwenye mfuko wa poliesta na karatasi isiyo na asidi. Msiipige lamineshini, msibandike selotepu, na ukutani penye jua msiitundike, wino utapauka.