Watu sita, tableti moja: uzoefu wangu na Unciv barazani Langoni

Kwa asiye na subira ya kusoma mpaka chini: Unciv ni gemu nzuri, ya bure, haina matangazo, haili bando ukishaipakua, na inakwenda hata kwenye kifaa kilichochoka. Nimeipa nyota nne kati ya tano. Ila ukitaka kuicheza kama tulivyoicheza sisi, watu sita tukiendesha taifa moja, ujue kwamba programu haitawasaidia hata chembe katika kuamua. Yenyewe inaona kidole kimoja tu kinachobonyeza. Baraza zima linalozozana nyuma ya kidole hicho hailijui.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Langoni, hapa Amu (mji wa Lamu). Tableti ni ya zamani, niliinunua kwa mteja, kona moja imepasuka. Nilikuwa nikicheza peke yangu kazi ikipungua, mpaka jirani yangu fundi cherehani alipochungulia akauliza, "Mbona huyo mpiga mishale umemwacha peke yake?" Wiki ya pili alikuwa na kigoda chake. Akamleta Maalim, anayesomesha historia, na Maalim alipokuja akaja na Nahodha, mzee aliyekula bahari miaka mingi na asiyependa kuona watu watatu wameinamia kitu asichokijua. Mpwa wangu wa kidato cha tatu, ninayekaa naye nyumbani, akawa wa tano. Mama yake ni dada yangu aliyeolewa Malindi. Alisikia kelele zetu kwenye simu usiku mmoja, akadai na yeye apewe kura.

Kwa wasioijua gemu hii: Civilization ya Sid Meier ilitoka 1991, na matoleo yakafuatana. Unciv ilianzishwa na Yair Morgenstern, na inafuata kanuni za toleo la tano, lile la 2010, lakini kwa michoro myepesi ambayo simu ya kawaida inaimudu. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo ukiwa na watu wa kujenga mji wa kwanza na askari mmoja, kwenye ramani ya vigae vya pembe sita. Kwa mwendo wa kawaida kuna zamu 500. Unapanga mambo yako, unabonyeza zamu ijayo, mataifa mengine yanacheza, unarudi wewe. Lugha tuliyochezea ni Kiingereza, Maalim akitutafsiria. Neno la kwanza lilitugombanisha: wale watu wa kwenda kujenga mji mpya mpwa wangu aliwaita "masetla". Maalim akakataa katakata kuongoza masetla. Tukawaita wahamiaji.

Maalim ndiye aliyetuchagulia Ethiopia. Humo inaongozwa na Haile Selassie, na askari wake wanapata nguvu ya asilimia 20 zaidi wakipigana na taifa lenye miji mingi kuliko lao. Sifa hiyo imepewa jina la Adwa, ambako Menelik wa Pili aliwashinda Waitalia 1896. Alitusimulia vita vile mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Kwa hiyo, akasema, tubaki na miji mitatu, basi. Nahodha akatikisa kichwa. "Nti haina bandari ni shamba."

Wote wawili walikuwa na hoja, na uzuri wa gemu uko hapo. Kila mji unaoongeza unapunguza furaha ya raia na kupandisha bei ya sera inayofuata. Lakini ukibana sana, jirani anakuzidi kwa kila kitu. Mabishano yale yalichukua siku nne, na kwa siku nne hizo adui hakusogea hata kigae kimoja, kwa sababu zamu haiishi mpaka mtu abonyeze. Sijaona gemu nyingine ya simu inayowavumilia wazee namna hii.

Sasa nije kwenye kupiga kura, maana hapo ndipo tulipojifunzia mengi kwa taabu.

Tulianza na kura ya WhatsApp, ile iliyoletwa 2022. Swali: mji wa pili ujengwe wapi? Mpwa wangu akaandika chaguo tatu: pwani, mtoni, kilimani kando ya mto. Pwani ikapata tatu, mtoni mbili, kilimani moja, yangu. Nahodha akatangaza ushindi. Maalim akasema subiri, mtoni na kilimani ni maji yaleyale, kwa hiyo wanaotaka mto nao ni watatu. Tukarudia kwa chaguo mbili, tatu kwa tatu. Usiku wa pili, tatu kwa tatu. Dada akawa anaiangalia kwenye simu picha ya skrini ya ramani, iliyochorwa miduara myekundu, akatuma sauti: "Kwani pale mto unapoingilia baharini pana nini?" Tukanyamaza. Palikuwa na kigae kitupu chenye mto ubavuni na bahari mbele, na hakuna aliyekiandika. Kikapata kura zote sita.

Tangu siku hiyo mwandishi wa chaguo si mtu mmoja. Na nikushauri mapema: muwe watano au saba. Sita ni balaa.

Kasoro nyingine ya kura ile ni kwamba kila mtu anaona nani amechagua nini. Nahodha akitangulia, fundi cherehani na mpwa wangu walikuwa wakimfuata kwa heshima tu, nikawa naona kura tatu kumbe ni ya mzee mmoja. Tukaiacha. Siku hizi tunapigia kofiani: komwe ya bao ni ndiyo, punje ya mahindi ni hapana, kitambaa juu. Kura ya dada naitia mimi baada ya kunipigia simu, na kila ikipita hoja niliyoitaka, Maalim hunitazama kwa jicho la pembeni. Sina la kumfanya.

Halafu kuna swali la kipi kipigiwe kura na kipi kisipigiwe. Mwanzoni tulipigia kila kitu, hata kibarua alime wapi, na mwezi mzima ukaisha tukiwa zamu ya 31. Tukagawana vyeo. Maalim ana elimu, Nahodha bahari na majeshi, fundi cherehani miji na vibarua, dada hazina, mimi kuweka daftari. Vita, amani, mji mpya na sera ni vya wote, na wanaopiga kura wasipungue wanne. Mengine waziri anaamua peke yake na halaumiwi mpaka mambo yaharibike. Nahodha alifurahi kwa cheo chake mpaka alipoambiwa kwamba askari hawawezi kupanda chombo kabla taifa halijasoma elimu ya lenzi. "Miwani?" akauliza. "Watu wameenda na kaskazi na kurudi na kusi tangu enzi, wewe waniambia wangoje miwani?" Ndivyo gemu ilivyo. Alimsumbua Maalim, waziri wetu wa elimu, wiki nzima aiharakishe hiyo miwani.

Mpwa wangu hakupewa wizara. Alipewa kidole. Macho yetu hayawezi yale maandishi madogo (hili ni lalamiko langu la kwanza kwa watengenezaji), kwa hiyo yeye ndiye anayebonyeza, mimi namsomea daftari. Ukurasa mmoja unasomeka hivi: "Zamu 84. Mpiga mishale abaki kilimani, asiondoke. Kibarua amalize shamba. Kambi ya majambazi isiguswe mpaka Nahodha arudi kutoka Mokowe." Tulidhani mshika usukani anafuata tu anachoambiwa. Nahodha peke yake alituonya kwamba ukitaka kujua chombo kinaendeshwa na nani, mtazame aliyeshika, usimsikilize anayepiga kelele.

Ilikuwa zamu ya 200. Tunajadili kuishambulia Gao, mji mkuu wa Songhai, taifa pinzani humo kwenye gemu, na karibu wote tunataka kupita mlimani. Mpwa wangu, ambaye kawaida hukaa kimya mbele ya wazee, akasema, "Tusipite huko. Nyuma ya mlima wameweka manati mawili."

Maalim akavua miwani. "Umeyaona wapi?"

Upande ule wa ramani ulikuwa bado umefunikwa. Hakuna askari wetu aliyewahi kufika. Kijana akaanza kusema ni hisia tu. Kabla hajamaliza ikaingia sauti ya mama yake kutoka Malindi: "Kaka, huyu hajawahi kuwa na hakika namna hii hata kwenye mtihani. Muulize vizuri."

Alikuwa amenakili gemu. Kwenye menyu ya kuhifadhi, Unciv inakuruhusu kuichukua gemu nzima kama maandishi na kuibandika kwenye kifaa kingine. Aliibandika kwenye simu yake, akaishambulia Gao peke yake chumbani mara nne, akashindwa mara nne, akaja barazani akiwa ameshaijua kesho. Hili ni lalamiko langu la pili: hakuna namna ya kuifunga gemu ili isiendelezwe pembeni. Kwa anayecheza peke yake ni faida. Kwa kundi ni mlango wa nyuma usio na komeo.

Adhabu haikutusumbua: zamu 20 bila kura, kidole abaki nacho kwa kuwa hatuna kingine. Kilichotusumbua ni yale manati. Tumeshayajua. Maalim alishikilia kwamba lazima tupite mlimani tukapigwe, kwa sababu ndivyo tungeamua kama tusingeambiwa. Ujuzi wa wizi ni wizi. Nahodha akamgeukia taratibu. "Maalim, mwizi akikwambia mbele kuna mwamba, utaugonga kwa kuwa ni mwizi?" Fundi cherehani alicheka mpaka akaangusha kikombe, lakini Maalim hakucheka, na mimi nikawa naona kila mmoja ana haki yake. Tulilala bila kuamua. Kesho yake baada ya isha tukaleta kofia, twende kwa bahari au la: komwe tatu, mahindi mawili. Tukaenda kwa bahari. Miwani ya Nahodha ikafaa.

Mengine kwa ufupi. Kucheza na kundi jingine mtandaoni kunawezekana. Tulijaribu siku mbili, intaneti yetu ikatushinda, tukaacha. Betri inaliwa kidogo tu. Wakati bora kabisa ulikuwa Ramadhani, baada ya tarawehe, maana hakuna anayelala mapema na hoja zinakomaa mpaka daku. Watengenezaji wakiongeza mahali pa kuandikia maagizo ndani ya gemu, na namna ya kubonyeza zamu kwa idhini ya watu wawili, nyota ya tano ni yao.

Leo tuko zamu ya 212. Gao bado haijaanguka. Tumeona kitu ambacho hatukukitegemea: tangu kijana anyang'anywe kura tumekuwa watano, na hatujapata sare hata moja. Adhabu yake inakwisha zamu ya 220, tutarudi kuwa sita, na mama yake amesema wazi hataki kusikia inaongezwa. Fundi cherehani anataka tutafute wa saba. Muuza kahawa, ambaye miezi mitano yote hii alikuwa akitumiminia na kwenda zake, jana alisimama na dele mkononi akauliza Gao ni ipi.